Nilivyopunguza oili ya giaboksi ya shangingi la mwanangu, tukakwama kilimani na wakwe

Wakuu, mwaka ninaousema ni ule ambao Ufipa tulikula ugali wa ulezi mtupu mpaka Pasaka. Si njaa, jamani. Biashara ya mahindi ilikuwa imefunguliwa, malori yakawa yanaingia hadi uani kununua mahindi, nasi tukauza mpaka ya mbegu. Tukabaki tunatazamana na ulezi wetu.

Nyie wadogo, shikamoo zenu nimezipokea. Wa umri wangu, poleni na magoti.

Naandika kwa kidole kimoja na darasa langu ni la nne, lakini hapa sitii chumvi. Walioshuhudia wengine wako hai na wangenisuta.

Mwanangu Deo alikuwa mmoja wa hao wa malori. Mahindi yakampa shangingi. Jeupe, refu, viti vya ngozi, gia za otomatiki. Mtaa wetu wa Chanji mzima ulikuja kulishika. Mimi nilikuwa nakaa kiti cha mbele likiwa limezimwa, naitikia shikamoo dirishani. Msinicheke, nyie mngelala humo.

Deo alikuwa amepata mchumba Namanyere, binti wa Wasukuma wafugaji. Jumamosi wazazi wa binti walikuwa waje kwangu kupanga siku ya ndoa.

Maneno yalishatufikia kwamba shangazi wa binti hatutaki. Eti Wafipa wa mjini ni watu wa kujionyesha tu. Deo akaapa huyo shangazi ataletwa kwa shangingi.

Yeye mwenyewe alikuwa na mzigo Tunduma, angerudi Jumamosi hiyo hiyo jioni. Gari akaniachia mimi na dereva wake Savio, mtu mzima mwenye watoto wanne, mpole kama maji ya mtungini.

"Mama, oili ya giaboksi imekuwa nyeusi na inanuka kuungua," Deo akaniambia. "Simamia ibadilishwe kabla ya safari."

Kusimamia! Nikajifunga kitenge.

Fundi alifanya kazi nzuri, leo nakiri. Alimwaga oili chafu, akafungua sinia la chini, akalisafisha, akaweka chujio jipya, akajaza ile oili nyekundu mnayoiita ATF. Akalizungusha gari mtaani mpaka likapata moto. Akapitisha gia zote moja moja. Ndipo akachomoa stiki ya kupimia oili, injini ikinguruma. Oili iko kwenye alama, sawasawa.

"Mama, hii haipimwi kama oili ya injini," akasema. "Hii gari liwe linawaka, na liwe la moto."

Nikaitikia "ehee", kama ninavyoitikia mahubiri marefu.

Sasa njooni mwone akili yangu.

Mimi nimelea watoto sita kwa pombe ya ulezi. Mpika pombe hapimi chungu kinachochemka, maana povu ni mwongo. Unaacha kitulie, kipoe, ndipo unajua una pombe kiasi gani. Basi Jumamosi alfajiri, gari limelala baridi kama jiwe, nikachomoa stiki.

Oili imepita alama, imepanda huko juu!

"Savio! Huyu fundi kapima povu!"

"Mama, si alisema ipimwe likiwa linawaka..."

"Yule kazaliwa juzi. Ingia chini upunguze."

Savio akaingia uvunguni, akalegeza nati ya kumwagia oili. Mimi juu nimesimama na stiki kama padri na msalaba. Tukapunguza, tukapima, tukapunguza, hadi ikakaa kwenye alama. Zilitoka kama lita mbili. Nikazikinga kwenye dumu safi, nikaliweka nyuma ya gari, ili jioni nipite kwa fundi nimwaibishe mbele ya wateja wake.

Niwaeleze mnaojifunza: gari likizimwa, oili yote inashuka chini, kwa hiyo stiki inaonyesha nyingi. Likiwaka, pampu inaivuta ikafanye kazi. Nilichokipunguza hakikuwa ziada. Ilikuwa damu yake.

Kwenda Namanyere kuwachukua wakwe tulikuwa wawili, barabara tambarare. Gia zilikuwa zinachelewa kushika. Savio akinitazama, mimi natazama mashamba.

Kurudi tulikuwa na Mzee Masanja baba wa binti, mkewe, yule shangazi, na mbuzi. Tulipopita Chala, kwenye kilima, injini ikanguruma na gari likasimama. Savio akakanyaga. Kelele ikazidi, gari likaanza kurudi nyuma. Shangazi akapiga yowe, mbuzi akaitikia.

"Mkwe," Mzee Masanja akaniuliza, "hili lenu linalia kama ng'ombe anayezaa. Mbona ndama hatoki?"

Tukashuka. Mimi nikawahi: "Ni fundi! Kabadilisha oili ya giaboksi, katuharibia!"

"Kaka, nilisema mimi," shangazi akadaka. "Watu hawa kutufikisha kwao tu wameshindwa, mtoto wetu watamfikisha wapi? Tutafute gari la kurudi nyumbani."

Na kweli akaanza kushusha mizigo yake. Ndoa ya mwanangu inashuka kwenye gari naiona kwa macho.

Mzee Masanja akamgeukia Savio. "Dereva, nani kaigusa oili baada ya fundi?"

Savio akatazama viatu vyake. "Ni mimi, mzee."

"Basi bosi wako akikufukuza, usilie. Hata mimi ningekufukuza."

Wakuu, hapo ningenyamaza ningepona. Ule ukimya ulinijia mdomoni mtamu kama asali. Lakini nikawaona wale watoto wanne wa Savio, mdogo wao nilimbeba mimi kwenye ubatizo.

"Si yeye," nikasema. "Alikataa, nikamlazimisha. Nimepima gari kama pombe."

"Kama nini?" shangazi akasimama.

Nikasema yote. Chungu, povu, alfajiri, fundi kuzaliwa juzi. Yule mama alicheka mpaka akakaa majanini, kilemba kikamwangukia puani.

"Na hiyo oili uliyotoa iko wapi?"

"Nyuma ya kiti chako."

Akacheka upya.

Savio akawasha gari, akapitisha gia, akarudisha oili kidogo kidogo kwa faneli huku injini inanguruma. Mimi nikapewa mbuzi nishike. Stiki aliishika shangazi, akakataa katakata nisiiguse.

Gari likashika. Shangazi akarudisha mizigo yake mwenyewe. "Kaka, panda twende," akasema. "Anayejisema mbele ya wakwe hatamsingizia mtoto wetu."

Ndoa ilifungwa. Wajukuu watano, wazuri wote, wamefanana na mimi. Fundi nilimpelekea pombe Jumatatu nikamwomba radhi. Alikunywa yote kwanza, ndipo akasamehe.

Funzo: otomatiki yenye stiki, nyingi zinapimwa zikiwaka, zikiwa za moto, gia zote zimepitishwa. Ukiona oili nyeusi inanuka kuungua, badilisha. Na unayemwajiri usimbebeshe dhambi yako.

Siku hizi wajukuu wananiambia, "Bibi, njoo utuangalizie gari." Nawajibu: "Boneti mimi sifungui, nileteeni chai."

Haya, nanyi semeni ujuzi wenu uliwaaibisha wapi, nisicheke peke yangu. Ila msinitumie picha za stiki kuniuliza imezidi au imepungua.

Boneti mimi sifungui, nileteeni chai.