Kiti cha Jaji

Watu husema kahawa inanukia. Inanukia, ndiyo, ikiwa kikombeni, mbele ya mtu aliyevaa viatu safi. Ikishachujwa, machicha yake yakafungiwa kwenye ndoo yakalala, inanuka kama soksi ya mlinzi wa zamu mbili. Fundi alilijua hilo kuliko wote, maana alilala nayo. Chumba chao kilikuwa kimoja na pazia katikati. Upande wa ndani walilala watu, upande wa mlangoni yalilala machicha, yametandazwa juu ya turubai kwa raha zao, ungedhani ndiyo yanayolipa kodi.

Huyu Fundi alikuwa seremala, tena si wa kubahatisha. Milango yake ilifungwa bila kupigwa teke, na mtaani kwao hiyo ni sifa ya kuandikwa kaburini. Lakini tangu aanze kushinda na ndoo, mtaa ulimbandika jina la Fundi Machicha, na wapo waliobadili njia wakimwona, wasije wakaombwa wamsaidie kubeba.

Sababu ya yote hayo ilikuwa imelala mkekani, upande wa ndani wa pazia, ikitoa hukumu.

Jaji alikuwa binti yake wa pekee. Tangu azaliwe, mgongo wake uligoma. Hakuweza kukaa mpaka ashikwe, na ukimwachia anamwagika ubavuni kama gunia lililokatwa kamba. Ila ulimi ulifanya zamu ya viungo vyote vilivyogoma. Kutoka pale mkekani alisikia kila kilichopita dirishani, akakitolea uamuzi. Walipomwita Jaji alilipokea jina kama haki yake, akaanza kudai wageni wapige hodi vizuri.

"Mama, huyo muuza mkaa anakupunja," alisema siku moja, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Nyamaza, mwanangu, atakusikia."

"Nimesema kwa sauti ili asikie. Ningetaka asisikie ningekunong'oneza."

Basi ikatokea kwamba shule ya jirani ilifungua darasa la watoto wenye ulemavu wa viungo. Mwalimu wa darasa hilo, mama mmoja mnene mwenye subira ya mkunga, alipita nyumba kwa nyumba. Alikaa na Jaji, akamuuliza hili na lile, akajibiwa mpaka akajifuta machozi ya kicheko. Alipotoka nje alikuwa hacheki tena.

"Mzazi, huyu mtoto anaozea hapa," alimwambia Fundi. "Imebaki nafasi moja, na ningependa iwe yake. Lakini mimi ni mmoja na mikono yangu ndiyo hii. Mtoto lazima awe na kiti chake kinachomshika, akae humo asubuhi nzima bila kuanguka wala kuumia. Mlete siku ya kufungua muhula, nimwone akiwa amekaa."

Kuanzia siku hiyo Jaji hakuwa na habari nyingine. Aliuliza penseli ina uzito gani. Alimwambia mama yake amnyoe vizuri, maana huwezi kwenda kukutana na wenzako una kichwa kama cha kunguru aliyenyeshewa. Usiku walimsikia akijizoeza kuitika, "Nipo, mwalimu," mara kwa sauti nene, mara kwa sauti nyembamba, akichagua ipi itamfaa.

Sasa, ungedhani baba seremala na kiti ni kidole na pete. Fundi naye alidhani hivyo. Alitengeneza cha mbao, Jaji akateleza. Akatengeneza kingine chenye mikanda, kikamchubua mbavu. Ubao umenyooka, na mgongo wa Jaji umepinda kama barabara iliyojengwa na mkandarasi mwenye ndugu wengi. Ukiziba pengo hapa, linafunguka kule. Viti vya kufinyangwa kwa umbo la mtoto vipo, vinatoka ng'ambo, na bei yake hatuitaji hapa, huenda kuna mgonjwa wa moyo anasoma.

Aliyeleta machicha nyumbani ni Shangazi, dada yake Fundi, aliyekuwa muosha vikombe kwenye mkahawa wa wenye viatu safi. Ukutani mwa mkahawa huo waliweka picha ya kuchomoza, uso wa mwanamke mwenye mashavu unayoweza kuyashika. Shangazi alidhani ni udongo wa mfinyanzi, mpaka msanii mwenyewe alipokuja kuipangusa vumbi akamwambia ni machicha yaleyale anayoyatupa yeye kila jioni: yamekaushwa, yakachanganywa na gundi, yakashindiliwa kwenye kalibu, yaani umbo la kufinyangia. Wateja walikuwa wakiisifu picha, hawaulizi. Shangazi aliuliza, na msanii, ambaye nadhani hakuwa ameulizwa kitu na mtu tangu azaliwe, akamwaga siri zote.

"Kaka," alisema Shangazi alipotua ndoo ya kwanza mlangoni, "ukiweza kufinyanga shavu, unashindwaje kufinyanga mgongo?"

Mama Jaji aliinama, akanusa, akainuka upesi. "Wifi, hiki kitu kinalala humu na sisi?"

"Kilale wapi, wifi, hotelini? Ndiko kilikotoka."

Ndivyo walivyoanza. Fundi aliharibu mengi kabla ya kupata. Akitia gundi kidogo, kitu kinamomonyoka kama biskuti kwenye chai. Akianika nusunusu, kesho yake kimeota ukungu mweupe, kina manyoya, Jaji anauliza kitaanza kutembea lini. Lakini alipata. Alifinyanga masinia, akafinyanga kigoda, akafinyanga na jogoo wa kutundika ukutani ambaye jirani alimtamani, akang'ang'ania mpaka akapewa. Machicha yakikauka vizuri yanakuwa magumu, mepesi kuliko ubao, na yakipigwa msasa na mafuta yanatoa rangi ya kahawia yenye kina, mpaka unataka kuyalamba.

Alipoona mkono umezoea, akaingia kwenye kiti chenyewe. Walimkalisha Jaji juu ya gunia la mchanga mbichi, mama yake kamshika mabega, Fundi akausukuma mchanga ufuate kila bonde na kila mlima wa mgongo ule. Walipomwinua, umbo lilibaki. Akalijaza plasta, ikaganda, wakapata Jaji wa pili, mweupe, asiye na kichwa.

"Huyo ndiye mtoto mliyekuwa mnaomba," alisema Jaji. "Hasemi."

Juu ya plasta ile Fundi alishindilia machicha kwa tabaka, na kati ya tabaka na tabaka akalaza vipande vya shuka kuukuu ili yashikane. Hapo ndipo mvua zilipoanza. Zikanyesha kwa ubishi, na kila kilichoanikwa kikarudishwa ndani. Fundi akaogopa ukungu. Alijua kiti kikibaki kimekumbatia plasta hakitapata hewa kwa ndani, kitaoza. Kwa hiyo kilipoanza tu kushika, akakibandua, akakitundika darini karibu na jiko, kikaukie huko pande zote. Hakumkalisha mtoto humo kukijaribu. Kilikuwa kibichi bado, kingelegea.

Kikakauka. Ukikigonga kinalia kama mlango mzuri. Fundi akakipiga msasa, akakipaka mafuta, akakifungia miguu ya mbao. Shule ilikuwa inafunguliwa keshokutwa yake. Wakamvisha Jaji gauni la kutokea, kwa sababu mwenyewe alikataa kukalia kiti kipya na nguo za kulalia, wakambeba, wakamshusha taratibu.

Akakwama nyonga.

"Sukuma kidogo," alisema Mama Jaji.

"Nasukuma."

"Baba," alisema Jaji, "hiki ni cha mtoto mwingine."

"Labda amenenepa," alisema mama.

"Kwa chakula gani, mama?"

Fundi hakucheka. Aliingiza vidole pembeni mwa kiti, akavitoa, akavitazama. Akaenda kumchukua Jaji wa plasta kutoka uvunguni, akajaribu kumkalisha yeye. Akagoma palepale alipogoma mwenzake. Hapo akakaa chini, kwenye sakafu, katikati ya vumbi la msasa.

Ubao ukikauka hupungua upana. Urefu wake haubadiliki, na kila seremala anaufanyia hesabu upande ule mmoja, akili ikiwa kwingine. Fundi alifanya kazi hiyo maisha yake yote. Machicha hayana upande. Hayakuota kama mti, hayana nyuzi, yanapungua kote kwa mpigo mmoja, upana, urefu na kina. Na kuona alishaona. Masinia yake yote yalitoka madogo kuliko kalibu. Lakini sinia likipungua linabaki kuwa sinia, watu wanakula tu. Yeye akakitoa kiti kwenye plasta kingali kibichi, akakiacha hewani kijikunyate kinavyotaka, kisha akangoja mtoto aingie.

Kufinyanga kingine kulitaka wiki za jua, na jua lenyewe lilikuwa limekwenda kwa ndugu zake. Fundi alichukua tupa, akaanza kukikwangua kiti kwa ndani. Alikwangua mpaka mabega yakafa ganzi. Shangazi alipokuja na ndoo yake jioni alimkuta bado anakwangua, vumbi la kahawia limemjaa kope.

"Kaka, utakitoboa."

"Nitakitoboa."

"Sasa utapata nini?"

"Dada, niache."

Sehemu za nyonga zilibaki nyembamba kama ganda la yai, mwanga wa taa ukipita kwa mbali. Hapo hata yeye alijua tupa imefika mwisho. Wakamjaribu tena. Safari hii aliingia, kwa kusukumwa, na alipofika chini alikaa wima. Wima kabisa, bila mkono wa mtu kumshika, kichwa juu. Hakuwahi kukaa hivyo. Mama yake aliziba mdomo kwa kiganja.

"Kinabana?" aliuliza Fundi.

"Hakibani."

"Jaji."

"Nimesema hakibani. Kesi imefungwa."

Shuleni walifika mapema, wameloa. Kulikuwa na wazazi wengine kwenye benchi la nje, wakiingojea nafasi ileile, na watoto mapajani, kila mmoja anawaangalia wenzake kwa chati, kama watu wanaogombea jamvi moja kwenye msiba. Mwalimu alimpokea Jaji mwenyewe, akampangia mahali karibu na dirisha, akasimama kukitazama kile kiti.

"Mzazi, hiki kimetengenezwa na nini?"

"Machicha ya kahawa, mwalimu."

"Unanitania."

"Ninuse," alisema Jaji. "Ndiyo maana silali darasani."

Mwalimu akacheka, akaanza kipindi. Fundi na mkewe walisimama nje ya dirisha, chini ya bati linalovuja. Walimwona binti yao akiitwa jina, wakamsikia akiitika, "Nipo, mwalimu," kwa ile sauti nene. Walimwona akishika penseli kama anaikaba. Aliulizwa swali, akajibu, darasa zima likaangua kicheko, na yeye akageuka dirishani kuwaangalia wazazi wake, uso unameta.

Ulikuwa unameta sana. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, Mama Jaji amejikunja kwenye kanga, na mtoto anatoka jasho.

Fundi aliingia. Hakuomba ruhusa. Alipiga goti, akapeleka kidole kati ya paja na ukingo wa kiti, mahali ambapo kidole kilipaswa kupita. Hakikupita. Nyama ilikuwa imebadilika rangi, na chini yake gauni lina unyevu ambao si wa mvua.

"Baba, toka," alinong'ona Jaji. "Anaandika majina. Ameshafika kwa wa mbele yangu."

"Unaumia."

"Siumii. Nenda nje."

"Binti yangu."

"Nakuomba, baba." Jaji hakuwa na mazoea ya kuomba. "Nitavumilia. Nimeshazoea tayari. Nakuomba tu."

Mwalimu alisimama mbele yao, kalamu mkononi, hajui amwamini nani. Na Fundi, nisikufiche, aliinama pale kwa muda mrefu kuliko inavyompasa baba. Aliutazama mkono wenye kalamu. Alijua akiinuka na kutoka kimya, jina litaandikwa. Kisha akaingiza mikono yote miwili makwapani mwa mtoto, akamng'oa. Jaji alipiga ukelele ambao hakuupiga wakati wa kuumia.

"Nafasi siwezi kuishika, mzazi," alisema mwalimu taratibu alipokwisha kuona mapaja yale. "Umewaona walioko nje. Mkija mwakani na kiti kingine, kama kutakuwa na nafasi..." Hakumalizia, na walimshukuru kwa hilo.

Njiani Fundi alimbeba mtoto, mama akabeba kiti kitupu. Jaji hakutoa hukumu kwa mtu yeyote. Muuza mkaa aliwapita akipunja watu kwa sauti yake yote, na yeye hakugeuka hata kichwa.

Walimlaza mkekani, wakampaka dawa. Akataka ageuzwe, atazame ukuta. Wakamgeuza.

"Ungemwacha hata wiki moja," alisema Mama Jaji, upande wa pili wa pazia, bila kumtazama mumewe. "Jina likishaandikwa, ungetafuta namna. Ungekuwa umekwangua kwingine."

"Hakuna kwingine."

"Ungetafuta, Baba Jaji."

Hata Fundi mwenyewe alikuwa amelifikiria hilo njia nzima, na bado halijamtoka.

Mlango ukabishwa. Shangazi akaingia na ndoo, kajitayarisha kwa vigelegele, akaziona nyuso zao, akaitua chini bila kuuliza. Machicha yalikuwa ya siku hiyo, bado yanatoa mvuke. Ya namna hiyo hayangoji. Yasipotandazwa upesi, yanaanza kuchacha. Ndoo ikakaa pale katikati. Hakuna aliyeisogelea. Mvuke ukaisha, na baada ya kitambo harufu yake ikaanza kubadilika.

"Yanaoza hayo," ilisema sauti kutoka ukutani.

Hawakuinuka.

"Nimesema yanaoza. Mnataka niyatandaze mimi?"

Mama Jaji ndiye aliyesimama. Aliikunjua turubai kwa kuipiga kofi, akainamisha ndoo, akaanza kuyasambaza kwa viganja, mgongo wake kamgeuzia mumewe. Fundi akasogea kwa magoti mpaka ukingo wa pili wa turubai, akaanza na yeye.