Nilimfundisha Hesabu Vibaya kwa Makusudi

Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili zangu zote. Sikutumwa na mtu. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu kuna mtu mwingine nitamsema, na sitaki mdhani najificha nyuma yake.

Nilitoka Mkunya, Newala, kwenda chuo kikuu kusoma fizikia na hisabati. Kidato cha sita nilikuwa naongoza darasa. Chuoni, wiki ya tatu tu, nikawa sijui hata mwalimu ameanzia wapi. Anajaza ubao, anafuta, anajaza tena. Swali moja la kwenda kufanya chumbani lilinichukua siku tatu, na siku ya tatu nakuta jibu silo.

Testi ya kwanza ya hisabati nilipata saba kati ya arobaini.

Matokeo yalibandikwa ukutani kwa namba za usajili. Fadhili, kijana wa Mkomaindo, Masasi, niliyekuwa nasoma naye, aliijua namba yangu. Akapiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa Masasi na Newala. Chini akaandika: "Newala imetuletea mwanasayansi." Tangu hapo jina langu likawa Saba. Darasani Saba, kantini Saba. "Saba, umekula?"

Habari ilitangulia nyumbani. Baba alikuwa ghalani kupima korosho, mtu akamwambia mbele za watu, "Baba Hamisi, yule binti si ungemwozesha tu?" Baba aliyegombana na ndugu zake wote ili nisome! Nilipofika likizo hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, kama ni nzito, rudi. Hakuna atakayekulaumu."

Heri angenipiga.

Nilirudi chuoni na neno moja kifuani: Fadhili atalipa. Nikasoma kwa hasira. Nilifanya kila swali la kitabu, nikikosea narudia, mpaka vidole vikaota sugu. Mwaka wa pili nilikuwa miongoni mwa wachache walioelewa somo la hisabati za fizikia, na Fadhili alikuwa miongoni mwa waliokuwa wanazama. Akanifuata mwenyewe.

"Dada yangu, hizi hesabu za joto zimenishinda. Nifanyie hata tano, nione njia."

Siku hiyo hakuniita Saba.

Zilikuwa hesabu za jinsi joto linavyosambaa kwenye fimbo ya chuma. Kama ncha za fimbo zimezibwa, joto halitoki, na hesabu inaanza kivyake. Kama ncha zimewekwa kwenye barafu, inaanza kwa njia nyingine kabisa. Mwalimu wetu alipenda kutega na zile za kuzibwa. Mimi nikamwandikia Fadhili zote tano za kuzibwa, kwa njia ya barafu. Kila mstari ulifuata mwenzake vizuri, na jibu likatoka safi. Uongo ulikuwa pale mwanzo tu, na nilijua hawezi kuuona.

Nilipomkabidhi zile karatasi nilisikia raha mwili mzima. Siwafichi.

Mchana, siku moja kabla ya testi, nikaingia chumbani, nikamkuta Rehema amekaa kitandani anazisoma karatasi zile zile. Rehema ni binti wa Lulindi niliyekuwa nasoma naye na kukaa naye chumba kimoja. Wakati ule wa kuitwa Saba, nilipogoma kula, ndiye aliyekuwa akinikorogea uji na kunisimamia mpaka nimalize.

"Shoga, huu si mwandiko wako? Fadhili ametutolea kopi. Mbona mimi hukunipa?"

Nikabaki nimesimama mlangoni. Nikimwambia ukweli, atakimbia kuwaambia wenzake, na Fadhili atapona.

"Au kuna mahali hapako sawa?" akaniuliza.

"Pako sawa," nikamjibu.

Maswali mawili kati ya matatu yalitoka hapo hapo. Fadhili aliharibu, lakini testi yake ya kwanza, kabla hatujafika kwenye hesabu za joto, ilikuwa nzuri, alama zikamvusha. Rehema hazikumtosha hata kuruhusiwa mtihani wa mwisho. Ikabidi arudie mwaka. Baba yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma, hakukuwa na wa kumbeba mwaka mwingine. Akafunga begi. Akanikumbatia akilia, akaniambia nisome kwa niaba yake.

Nilihitimu. Leo nafundisha fizikia sekondari hapa Masasi. Msimu uliopita wa korosho nilishindwa kuvumilia, nikaenda Lulindi.

Mama yake alinipokea. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kumbe ndiye wewe uliyekuwa ukimsaidia mwenzio masomo! Mungu akuzidishie."

Rehema alikuwa uani anamenya mihogo. Nikamweleza yote, tangu ile picha mpaka lile "pako sawa". Hakuacha kumenya. Alipomaliza muhogo alioshika ndipo akaniangalia.

"Mimi nilijua sina akili," alisema. "Miaka yote hii. Mdogo wangu alipochaguliwa mchepuo wa sayansi nilimkataza mimi. Nilimwambia kwetu hatuna kichwa cha mambo hayo. Akaacha."

Nikapiga magoti. Akaniambia ninyanyuke, mama yake asije akaona.

"Nenda," akasema. "Na usirudi kuniomba msamaha. Nikiwa tayari nitakuja mwenyewe."

Hajaja.

Fadhili ana kazi nzuri mjini. Tukikutana ananichangamkia, wala hakumbuki kama aliwahi kunikosea. Bado namchukia, na sitawadanganya kwamba nimemsamehe. Lakini yeye nilimkwaruza tu.

Wewe unayesoma haya na una mtu umemwekea kisasi, mfuate umwambie usoni, hata mtukanane. Usimfundishe mtu uongo. Uongo huo utatoka mikononi mwako, utaenda kwa usiyemkusudia, naye atauamini kwa sababu ni wewe uliyeuandika.