Chai Waliyoiacha Akina Mama wa Mbegu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huwa naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa Ijumaa, wakati wa kiangazi, miaka ya themanini ikianza, katika bonde moja nje ya Kitale unapoelekea Endebess. Siku hiyo ndiyo ilipigwa ile picha ya sebuleni, ile uliyokuwa ukiwaonyesha wenzako tangu utotoni ukisema, "Huyu ni mamangu, yeye ndiye alichimba maji." Leo nimeitoa ukutani. Kaa hapa karibu na dirisha tuitazame vizuri, kwa maana kuna uongo ndani yake, na mwenye uongo huo ni mimi.

Nimekasirika, nakuambia mapema. Juzi ulikuja na fulana mpya ya ofisi yenu, ukaniambia ati Ijumaa mnakwenda hospitali kupigwa picha mkifagia wadi ya wazazi, na kwamba mkubwa wako amekuchagua wewe uwasomee wageni hotuba kwa sababu hapa Bungoma nzima hakuna anayekushinda kuzungumza. Nilikuuliza swali moja tu: ni nani huiosha hiyo wadi kila mwezi? Ukasema ni wale akina mama wa usafi na wa jikoni, walianza wenyewe. Nikakuuliza hotuba inasema nini juu yao. Ukacheka, ukaenda kuoga. Hukujua umeniacha pale jikoni na hasira ya miaka mingi.

Sasa sikiliza. Nilikuwa msichana wa umri wako, taipisti katika kiwanda kidogo cha mbegu cha mtu binafsi. Usikitafute, siku hizi ni stoo ya simiti. Ofisini tulikuwa wachache, wenye viti na madirisha. Kule ghalani walikuwa akina mama waliokuwa wakichambua mahindi ya mbegu kwa mikono siku nzima. Mbegu zile hutiwa dawa ya rangi nyekundu ili mtu asije akazila, na dawa hiyo ilikuwa imewaingia mikononi. Walinawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, lakini mikono yao ilibaki ya waridi hata kanisani Jumapili.

Mkubwa wao, si kwa cheo bali kwa kusikilizwa, alikuwa mama mmoja tuliyemwita Mama Rispa. Rispa alikuwa bintiye wa miaka saba. Alikufa kwa homa ya matumbo kabla mimi sijaajiriwa, kwa kunywa maji ya chemchemi ambamo ng'ombe walikuwa wakiingia na miguu yote minne. Jina lilibaki kwa mama. Kila aliyemwita alimtaja mtoto, na yeye aliitika.

Huyo ndiye aliyesema chemchemi ile itengenezwe. Hakungoja mtu wa serikali. Alikwenda kwa meneja wetu, Bwana Murunga, akamwomba Jumamosi. Bwana Murunga akasema Jumamosi ni siku ya kazi hadi saa sita, kampuni haiwezi kugawa saa zake bure. Basi akina mama wakakaa, wakapatana, wakarudi na jibu. Walikuwa na mapumziko ya chai ya saa nne, nusu saa kila siku. Wakasema watafanya kazi bila chai Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi waachiliwe saa tatu na nusu. Meneja akapiga hesabu kidogo kichwani, akaona hapotezi hata dakika moja, akakubali.

Mwanangu, unajua kusimama tangu saa moja asubuhi mpaka saa saba bila kuweka kitu mdomoni? Mimi sikujua. Mimi saa nne nilikuwa nakunywa chai yangu ya maziwa dirishani, na mkate, nikiwatazama wakichambua. Wakati mwingine nilikuwa nawaonea huruma. Huruma yenyewe ilikuwa inaisha pamoja na kikombe.

Kila Jumamosi walishuka bondeni. Walichimba wakiyafuata maji yanakotoka mpaka wakalifikia jicho lenyewe, wakabeba mawe kwa kichwa kutoka mtoni, wakapanga, wakakanyaga udongo wa mfinyanzi kwa miguu. Kulikuwa na Mama Rispa, na Nekesa, na Wanjiru ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, na Chebet wa kutoka mlimani, na wengine. Mimi nilishuka mara moja tu, nikiwa nimevaa viatu vya wazi. Tope likaniingia vidoleni nikapanda juu nikisema nina barua za kupiga taipu.

Na kweli nilikuwa na barua. Barua ya kuomba simiti na bomba kwa shirika moja la kanisa huku Bungoma niliipiga mimi. Aliyeagiza iandikwe ni Mama Rispa. Aliyetia sahihi ni Bwana Murunga, na jina lililokuwamo ni lake peke yake. Nililiona hilo. Mashine ilikuwa mbele yangu, nililiona, nikaendelea kupiga.

Simiti ikaja, fundi akajenga ukuta, bomba likatoa maji safi kama ya mvua. Hapo ndipo kampuni ikakumbuka kwamba inapenda watu. Ikapangwa siku ya kufungua, wageni wakaalikwa, fulana zikachapishwa. Mimi niliitwa ofisini kwa meneja. Akaniambia, "Wewe unaongea Kiswahili safi na Kiingereza. Utasimama mbele, uongee kwa niaba ya wafanyakazi." Halafu akaongeza kama mtu anayejikuna tu sikio, "Na ile barua yako ya kuajiriwa kabisa, nafikiri mwezi huu nitaiangalia." Nilikuwa kibarua, mwanangu. Nilitaka barua ile kuliko nilivyotaka mchumba.

Akina mama nao walipewa kazi siku hiyo. Walipewa kupika. Watu waliochimba maji kwa miezi mitano waliambiwa wachome kuku na kusukuma chapati za wageni, kisha wakae nyuma ya hema mpaka waitwe kugawa sahani.

Mpiga picha alipokuja, aliwatazama akina mama waliokuwa karibu na bomba, akasema ile rangi ya mikono haitatoka vizuri. Meneja akasema, "Wenye mikono safi waje mbele." Nikaenda mbele. Nikapewa jembe jipya, lina karatasi ya dukani bado kwenye mpini. Itazame hapa. Unaona hiyo karatasi? Miaka yote hukuiona. Na unaona hapa ukingoni, hawa watu watatu walioshika sahani, ambao vichwa vyao vimekatwa na picha?

Bwana Murunga alihutubu. Alisema kampuni imetoa saa zake za kazi kwa ajili ya wananchi. Kampuni ilitoa nini? Ilikuwa ni chai yao. Ni njaa yao ya saa nne ndiyo iliyonunua kila jiwe pale, na mtu anasimama hadharani anajipiga kifua nayo, na watu wanampigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Lakini hilo lilikuwa lake. Langu linakuja. Mgeni wa heshima alikuwa Sista mmoja wa lile shirika lililotuma simiti, mwanamke mpole, hakupenda hotuba ndefu. Nilipomaliza yangu aliniita kando, meneja akiwa amesimama pale pale, akaniuliza, "Dada, ni nani hasa aliongoza hii kazi? Na je, iko mahali pengine panahitaji? Niko na simiti imebaki kwa gari."

Palikuwapo, mwanangu. Palikuwapo chemchemi ya pili, chini ya shule ya msingi, mbovu kuliko ile ya kwanza. Akina mama walikuwa wameipima tayari kwa hatua, wanaizungumza kila siku. Nilijua. Nilimtazama Bwana Murunga, naye alikuwa akinitazama mimi. Nikasema, "Ni meneja wetu aliongoza, Sista. Na kazi sasa imeisha."

Sista akashukuru, akaandika kitu, akaondoka na simiti yake.

Jioni ilipokaribia, wageni wakiwa wameshaondoka, nilishuka kunawa mikono kwenye bomba. Mama Rispa alikuwa pale anasugua sufuria. Habari ilikuwa imemfikia, kwa sababu Nekesa alikuwa amepita na sahani wakati ule nikijibu. Nilimsalimu, "Shikamoo Mama," salamu ambayo huku kwetu hatuitumii sana, lakini mtu mwenye hatia hutafuta adabu yoyote iliyo karibu.

Aliendelea kusugua, kisha akasema bila kupaza sauti:

"Si ulikuwa na mdomo huko mbele? Sisi tulikuwa na sahani. Sasa umeulizwa kama kazi iko, ukasema imeisha. Nani alikwambia imeisha?"

Nikasema, "Mama, ningefanya nini, meneja alikuwa pale."

"Mimi sitaki ulitaje jina langu," akasema. "Jina langu itanisaidia nini? Lakini wale watoto wa shule bado wanakunywa hiyo maji ya ng'ombe. Kitu iliisha ni Rispa wangu. Kazi bado."

Akainua sufuria, akaondoka. Nilibaki nimeshika maji mkononi yakimwagika.

Mwezi huo nilipata barua yangu ya kuajiriwa. Mwezi huo huo meneja akawaambia akina mama warudi kazini Jumamosi, maana kazi ya bondeni imeisha, dada wa ofisi mwenyewe amesema. Na chai ya saa nne hakuirudisha mpaka walipoidai kwa wiki mbili. Mvua ziliponyesha, kinyesi chote cha juu kikateremka kwenye ile chemchemi ya shule. Njoki, binti wa Wanjiru, alilazwa kwa homa ile ile ya matumbo likizo nzima ya Aprili. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini hakusikia vizuri tena. Wanjiru hakunigombeza hata mara moja. Alipita mbele ya dirisha langu kila asubuhi akienda ghalani, akanisalimu, na mimi nikaisukuma kando ile chai.

Ndipo nilipoketi kwenye mashine ile ile nikaandika barua nyingine, ya kweli. Niliandika nani alianza, nani alichimba, walilipa nini, na nini kimebaki. Nikashuka nayo ghalani. Mama Rispa akaisoma taratibu, akatia sahihi, akawapa wenzake. Karatasi ikajaa alama za vidole vyekundu, na tukaiacha hivyo hivyo. Tukaja nayo Bungoma sisi wawili, tukamkuta Sista. Aliisoma, akatuambia ile simiti ilishakwenda mahali pengine, Lwakhakha, tungoje kiangazi kijacho. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Bwana Murunga aliposikia, nilipigwa kalamu, nikafukuzwa kazi. Sikulia sana. Kiangazi kilichofuata, simiti ikaja kweli, na kwa kuwa Jumamosi zilikataliwa, akina mama walichimba Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimeshapata kazi huku Bungoma, lakini kila Jumapili nilipanda gari kwenda. Mama Rispa alinipa kazi ya chini kabisa, mahali pa kupokea mawe, tope magotini. Hakuniambia amenisamehe. Jumapili ya tatu alinipa ngata yake ya kubebea mawe kichwani kwa sababu yangu ilikuwa imeraruka, na nilielewa. Maji yalipotoka hakukuwa na hema wala mpiga picha. Wanjiru alimletea Njoki kikombe, mtoto akanywa, tukaenda nyumbani.

Nasaha yangu basi ni hii, na uishike. Ukisimama mbele ya watu kwa kazi ya wengine, hicho si kiti chako, umeazimwa. Usikubali hotuba inayosema "kampuni imetoa" kabla hujauliza ni nani hasa aliyetoa, na alitoa nini cha kwake. Wataje watu kwa majina, hata kama wao hawataki sifa, kwa sababu mkubwa akishaamini kazi ni yake, ataimaliza siku atakayochoka nayo. Na zaidi ya majina, sema kilichobaki. Mgeni akikuuliza, "Mnahitaji nini?" usimtazame mkubwa wako usoni kwanza. Wewe mwenyewe uliniambia wale mama wa usafi wanaomba tangi la maji moto, wazazi wasioge maji baridi. Ijumaa litaje hilo tangi. Ukipigwa kalamu, nyumba hii ina ugali.

Na kesho, wao wakiosha kabla ya siku ya hotuba, nenda ukaoshe wadi nao, bila hiyo fulana.

Picha hii siirudishi ukutani mpaka tuandike nyuma yake. Chukua kalamu, macho yangu hayaoni vizuri. Yule wa kwanza kushoto asiye na kichwa, mwenye leso ya maua, ni Nekesa. Wa kati, mwenye sweta la kijani, ni Wanjiru mama Njoki. Na huyu wa mwisho, ambaye yanaonekana mabega na mikono tu, andika jina lake kwa herufi kubwa. Ni Mama Rispa.

Mungu akupe kinywa kisichoogopa, mwanangu, na mikono isiyoona haya kuchafuka. Akubariki uwe mtu ambaye waliochoka wakimwona amesimama mbele, wanapumua. Nenda na amani.