Cheo Nilichokikataa kwa Ajili ya Alhamisi

Siku yangu ya kwanza kiwandani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, msimamizi wa kunyausha majani alinipa konzi ya majani mabichi ya chai akasema, "Finya." Nikafinya, vikonyo vikavunjika. "Hayo bado yana maji. Yakinyauka sawasawa yanakunjika bila kuvunjika. Hiyo ndiyo kazi yako." Vijana wa leo wana mashine za kupima, sisi tulitegemea kiganja. Tuliyatandaza kwenye trafu, masanduku marefu yenye feni chini, tukayageuza kwa mikono mpaka yafae kusagwa.

Mimi ni mtu wa Sigor, wa ng'ombe na mahindi. Chai niliijulia hapo, na baada ya miaka minne nikawa kiongozi wa zamu ya asubuhi.

Kila Alhamisi saa kumi jioni tulisoma Biblia kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Tulikuwa watano. Mmoja wetu, Mzee arap Soi, mchochea kuni wa boila, tanuri la mvuke wa kukaushia chai, hakujua kusoma. Nilimfundisha herufi kwa Injili ya Marko, mstari mmoja kwa wiki.

Siku moja meneja wa kiwanda akaniita ofisini.

"Kirui, msaidizi wa chumba cha kukaushia anahamishwa. Nakutaka wewe. Kuna nyumba, ina stima na maji ya mfereji."

"Asante, bwana meneja. Na zamu?"

"Mchana mpaka jioni. Majani yakiwa mengi, Jumapili pia."

"Alhamisi nasomesha Neno, bwana. Jumapili niko kanisani."

Akavua miwani. "Mungu atakuelewa. Mimi nina chai inayoharibika."

"Basi naomba nibaki kwenye trafu."

Cheo kilikwenda kwa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Nilimwita bwana mpaka alipohamishwa.

Jioni ile nilimkuta mke wangu akipuliza kuni mbichi, macho yamejaa moshi. Nilipomweleza, akauliza, "Baba Chebet, hiyo nyumba ulipewa peke yako?" Jumapili alitembea mbele yangu mpaka kanisani.

Kumfundisha mzee kusoma kulichukua miaka miwili. Arap Soi alisimama mbele ya kanisa akasoma mlango mzima wa Marko, kidole kikifuata mistari, akitamka "Pwana" kila palipoandikwa "Bwana". Hakuna aliyecheka. Mke wangu alilia.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama najuta. Cheo sikijutii. Kilichonisumbua ni kwamba sadaka ile ilikuwa ya watu wawili, nami nikaitoa peke yangu. Mwaka jana ndipo nilipomwomba mke wangu msamaha. Alikuwa akichambua mboga, na mikono yake haikusimama.

"Ningekwambia ukatae," akasema. "Lakini ungeniuliza."