Vikombe Kwenye Tanuri la Lewa

Asubuhi na mapema, Kahonzi Masha amelala kifudifudi, pua karibu iguse jivu. Hapa palikuwa na tanuri la mkaa. Mvua ya juzi imeotesha vikombe vya uyoga wa kahawia, kila kimoja kama kifungo cha shati.

"Usivipumulie kwanza, mwanangu. Vina aibu hivi," Kahonzi anamwonya mgeni wake.

Whitney Ndirangu, mwanafunzi wa chuo kimoja cha Kilifi anayetafuta uyoga wa ardhi iliyoungua, anacheka huku akisogeza lenzi. Ukingo una meno madogo. Upande wa nje umepauka. Shina hakuna. Lakini zipo aina mbili zinazofanana hivyo, na bila kung'oa kimoja akakitazame kwa darubini, jina halipatikani.

Hapo ndipo kazi inapokwama.

Kahonzi, mkulima wa mahindi hapa Ganze, jana alimzungusha Whitney kwenye matanuri yote ya zamani. Yamejaa nyasi. Limebaki hili, la mwisho kuchomwa na mumewe, Lewa, kabla hajaenda Lamu kutafuta kibarua. Simu yake haipatikani tangu mavuno yaliyopita.

"Aliniambia pasiguswe, akirudi atanijengea jiko hapa," anasema Kahonzi. "Sijatia jembe. Majirani wananicheka, eti nafuga jivu."

"Basi tuviache, mama. Nitaandika tu haujulikani."

Kahonzi anainuka, anajipangusa magoti.

"Na Lewa nikimuulizia naambiwa hajulikani aliko. Wasiojulikana wawili ni wengi. Lete hilo kopo."

Anachimba mwenyewe, kwa kijiko cha chai, polepole kama anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Kikombe kinaingia koponi na udongo wake. Shimo analifukia kwa kiganja.

Kisha anainamia vilivyobaki na kuvipumulia. Kamoshi kembamba kanapanda, kanapotea.

"Hizo ndizo mbegu zake," Whitney anamweleza.

"Mimi naona tanuri linafuka," anasema Kahonzi.

Whitney ameahidi kupiga simu jina likijulikana. Kahonzi analisubiri kwa hamu. "Lewa akirudi nitaanza na hilo jina. Kugombana baadaye."

Ameshaambiwa kwamba uyoga huu haukai, ardhi ikipona unaondoka. Amesikia. Hata hivyo, Whitney akiondoka na kopo lake, Kahonzi anarudi kuchutama pembeni mwa jivu, anang'oa nyasi changa moja moja.

"Angalau apakute," anasema.