Barua Iliyomzika Mzee Wanzagi

Tangazo lilisema wazi: barua ya maombi iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe. Shule moja ya bweni ya binafsi huko Bunda ilikuwa inatafuta mtunza stoo. Jenipher Wanzagi, binti wa miaka ishirini na minne, aliliona kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma naye. Cheti chake cha ugavi kilikuwa kimelala kwenye bahasha miaka miwili. Siku hizo alikuwa Bweri, Musoma, anauza misumari na kuhesabu mifuko ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kibarua tu, leo kipo, kesho wanakwambia pumzika kwanza.

Si kwamba alikuwa mvivu wa kuandika. Ila barua zake kumi na moja za nyuma zilikwenda kimya, hakuna aliyejibu hata kwa tusi. Basi, ya kumi na mbili akaiachia simu. Akafungua ile programu ya akili mnemba ambayo kila mtu anaisifia, akaandika: nitungie barua ya kuomba kazi ya mtunza stoo, mimi ni binti wa Butiama, familia ya wafugaji. Kufumba na kufumbua, barua hiyo hapo. Safi, ila baridi. Akaiambia: iongeze uzito, imguse anayesoma.

Simu ikaongeza: "Baada ya kumpoteza baba yangu nikiwa kidato cha pili, nilijifunza mapema kutunza kila kidogo kilichobaki nyumbani."

Sasa, baba yake Jenipher, Mzee Wanzagi, alikuwa mzima wa afya kijijini Butiama, anachunga ng'ombe wake na kugombana na jirani juu ya mpaka. Jenipher aliisoma sentensi ile, kalamu ikasita. Akaisoma tena. Ilikuwa tamu mno. Akajiambia, nani wa Bunda anamjua baba? Akainama, akanakili. Karatasi ya kwanza alikosea tarehe, akaichana. Ya pili ikamwagikiwa chai. Ya tatu ikatoka vizuri. Kwa hiyo, ukitaka kusema haki, simu ilimuua Mzee Wanzagi mara moja. Binti yake alimuua mara tatu, tena kwa mwandiko mzuri.

Wiki mbili baadaye akapigiwa: yumo kwenye watano walioitwa kwenye usaili, Alhamisi. Akaomba ruhusa dukani, akaenda nyumbani kuwaona wazazi kwanza. Jumapili, saa nane mchana, alikuwa amekaa uani anachambua mchicha, mara kilio kikasikika barabarani.

"Kaka yangu weee! Kaka umeondoka bila kuniaga!"

Kwao msiba hauulizwi kwa simu. Ukisikia, unajifunga kanga unakwenda, na kilio unakianza ukiwa bado njiani, ili waliofiwa wajue hawako peke yao. Ndivyo alivyokuja Shangazi Dorotea, binamu wa baba, na wanawake wawili wa kanisani kwake, mmoja kabeba sukari, mwingine mchele. Shangazi huyu aliolewa Geita, na miaka kumi hawakuonana naye. Walisikia tu kwamba amerudi Bunda. Ambalo Jenipher hakulijua ni kwamba alikuwa amepata kazi ya mapokezi katika shule ileile, na barua zote za maombi zilipita mikononi mwake.

Mzee Wanzagi akatoka zizini, mikono imejaa samadi. "Dorotea! Nani amekufa?"

Kilio kikakatika katikati. Shangazi akamtazama kaka yake kuanzia kandambili mpaka kofia, kisha akakaa palepale kwenye vumbi.

"Wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Umekufa wewe! Tangu mtoto yuko kidato cha pili. Njia nzima nimekasirika, nasema hawa watu wamenificha msiba miaka yote hii, kwani mimi si ndugu?"

"Nani amekwambia?"

Macho ya shangazi yalikwisha kwenda kwa Jenipher, na ya wale wanawake yakafuata. "Kaandika mwenyewe, kaka. Kwa mkono wake." Akatoa simu. Alikuwa ameipiga picha ile barua, ili nyumbani wamweleze.

Mzee akaipokea simu kwa ncha za vidole, akampa binti yake. "Soma wewe. Mimi nasomaga taratibu, nitachelewa kufa."

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa kanga. Jenipher akasoma. Alipofika kwenye sentensi ile, akakosea neno, ikabidi airudie kuanzia mwanzo. Baba yake alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anasikiliza taarifa ya habari.

"Hukuandika nimekufa na nini?"

"Hapana, baba."

"Ungeniuliza. Ningekuchagulia ugonjwa."

Hakucheka. "Ni simu, baba," Jenipher akasema haraka. "Siyo mimi. Simu ndiyo ilitunga."

"Simu hainijui, siwezi kuilaumu. Wewe unanijua."

Mama yake alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akawakuta hivyo. Aliambiwa yote. Alivua viatu vya kanisani, akaviweka pembeni, akasema, "Jenipher, washa moto." Waliokuja kulia hawaondoki na njaa. Jogoo akachinjwa, na ule mchele wa msiba ukapikwa.

Jikoni shangazi akamsogelea. "Sikiliza mwanangu. Mkuu wa shule alilengwalengwa na machozi. Naye alifiwa na baba yake akiwa mdogo. Jina lako kaliweka la kwanza. Mimi nitanyamaza, na hawa wenzangu nitawafunga midomo. Kaka akae tu marehemu mpaka upate mkataba. Atapungukiwa nini?"

Jenipher alijiona na funguo za stoo kiunoni. Alijiona akilipwa mwisho wa mwezi kama watu. Nje, sauti ya baba yake ikasikika: "Karibuni, karibuni, msione haya. Marehemu mwenyewe anaongeza nyama!" Wageni wakaangua kicheko. Ndipo Jenipher akaelewa baba anafanya nini. Alikuwa anaigeuza aibu ya binti yake iwe utani, ili wale wanawake wakirudi Bunda wabebe kicheko, wasibebe jina lake. Joto likampanda mpaka masikioni. Afadhali angempiga.

Akachana karatasi katikati ya daftari la kwaya la mama, akaandika juu ya goti. "Naomba kurekebisha. Niliandika kwamba baba yangu alifariki. Si kweli. Yu hai, na leo amekula pamoja na sisi. Mimi nimetunza saruji na misumari Bweri miezi kumi na minne, haukupotea hata mfuko mmoja."

Shangazi akaisoma. "Unajifukuza mwenyewe, Jeni."

"Najua, shangazi. Mpelekee mkuu wa shule."

Jumanne shangazi akapiga simu. Jina limeondolewa kwenye orodha. Mkuu wa shule hakutukana, alisema tu: kama aliweza kumtoa baba yake duniani, mchele wa stoo ataufanyaje?

Jenipher akamfuata baba yake, aliyekuwa anajenga upya upande wa zizi ulioanguka. Akasimama nyuma yake.

"Baba, wamenikataa."

Mzee hakugeuka. "Shikilia huu mti."

Akaushikilia. Baba akaanza kushindilia udongo kwa kipini cha jembe. Jenipher alitaka kumwomba radhi, akatafuta maneno. Kila lililokuja lilikuwa zuri mno, kama lile la kwenye barua, na kila moja akalimeza. Machozi yakamtoka, mikono ikaanza kutetemeka.

"Shika vizuri," baba yake akasema. "Unautikisa."