Wimbo Mpya wa Zamani

Mtu anawezaje kukumbuka wimbo uliorekodiwa mwezi uliopita?

Swali hilo lilinijia asubuhi moja nikichambua omena, dagaa wa ziwani, jikoni kwetu, Manyatta. Stesheni moja ya Kidholuo ilikuwa imeupiga wimbo wa kaka yangu, na simu zikaanza kuingia. Mzee mmoja alisema aliucheza akiwa kijana kwenye harusi huko Ahero. Mama mmoja akasema umemkumbusha mchumba wake wa kwanza. Mtangazaji alicheka tu, hakumsahihisha yeyote. Mimi niliacha omena nikaisogelea redio. Wimbo wenyewe ulitengenezwa Nyalenda, nyuma ya duka la mabati, kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Nilikuwepo.

Kaka alikuwa na maneno, sauti, na suruali ya bugaluu, ile pana miguuni ya enzi za wazee, aliyoisaka kwenye mitumba ya Kibuye kwa ajili ya picha. Alichokosa ni gitaa. Lile gitaa la benga, muziki wetu wa Kijaluo, linalomkimbilia mwimbaji mbele kama mbuzi aliyekata kamba halipatikani kwenye kompyuta. Basi prodyuza akamleta mzee mmoja kutoka Ahero aliyewahi kupiga kwenye mabendi. Mzee alikaza nyuzi, akaulizia chai, nikatumwa mimi. Niliporudi na thamosi alikuwa anapiga utangulizi mtamu kiasi kwamba prodyuza alikuwa amevua hedifoni ausikie kwa masikio yake mwenyewe.

Baadaye prodyuza aliongeza mkwaruzo wa santuri iliyochakaa. Na katikati ya wimbo, kama benga inavyotaka, kaka aliacha kuimba akataja watu: marafiki zake, prodyuza, hata mwenye duka la mabati aliyetuazima umeme.

Kwa hiyo niliposikia wazee wakiukumbuka, nilimwendea prodyuza moja kwa moja.

"Hao wanaopiga simu umewapanga wewe?"

"Sista, ungekuwa polisi ungejikamata mwenyewe," alisema. "Nimeweka mikwaruzo tu. Kumbukumbu wanajiwekea wenyewe."

Sikumwamini. Nilikuwa nimetoka chuo na digrii na bila kazi, na katika hali hiyo mtu huona njama hata kwenye bei ya nyanya.

Kisha akapiga simu redioni mjane mmoja wa Kombewa. Alisema wimbo ule ni wa marehemu mumewe, ambaye aliupiga kwenye baa na matanga miaka mingi bila kupata nafasi ya kuingia studio. Kufikia jioni kaka alikuwa anaitwa mwizi mtandaoni. Alikuwa amealikwa kuimba kwenye tamasha kubwa kando ya ziwa, la kwanza maishani mwake, na waandalizi walimwambia asafishe jina lake au abaki nyumbani.

"Tumtafute mzee wa gitaa atoe ushahidi," nilimwambia kaka.

"Hana simu. Na mafuriko yamekata njia huko kwao."

Ahero ilikuwa chini ya maji kweli, hilo lilionekana kwenye taarifa ya habari. Nikaenda Kombewa badala yake, na kwenye simu yangu nilikuwa na video ya kaka amelala chali kitandani akitunga ubeti wa kwanza.

Nilimkuta mjane sokoni, akiuza omena aliyoitoa Usenge.

"Wewe ndiye dada ya mwizi?" aliuliza bila kuacha kumpimia mteja.

"Mama, kaka si mwizi. Tazama hii."

Aliitazama video hadi mwisho.

"Huyu anaimba. Mimi nimelalamikia maneno? Maneno ni yake, akae nayo. Hayana hata chumvi."

Wanawake wa meza za jirani waliangua kicheko.

"Mimi nasema gitaa," aliendelea, akaanza kulighani gitaa kwa mdomo, ti-ri-ri, vidole vikigonga kopo la kupimia. Alifika pale utangulizi wetu unapoishia, hakusimama, akaendelea na kipande ambacho sikuwahi kukisikia.

Nilijiambia kwamba redio huufundisha wimbo mtu yeyote, na kwamba kuongeza kipande si kazi.

"Unataka nini, Mama?"

"Mmemtaja mwenye mabati. Mtajeni na mume wangu. Basi."

Ombi dogo namna hiyo ndilo lililonitia shaka zaidi. Leo jina, niliwaza, kesho wakili. Nilimweleza kwamba nyimbo za benga hufanana, kwamba huzuni humfanya mtu asikie asichosikia. Alinisikiliza kwa subira, kama mtu anayengoja mvua ipungue.

"Umesoma, nyathina," alisema, neno ambalo kwetu ni mwanangu. "Sasa sogea, unawazuia wateja."

Usiku huo niliandika utetezi mrefu kwenye ukurasa wa kaka, nikauambatanisha na video. Watu waligeuka. Walimcheka mjane, wakatengeneza hata picha za mzaha. Kaka aliimba kwenye tamasha, bugaluu ikipepea kwa upepo wa ziwa, umati ukiyaitikia majina moja baada ya jingine. Mjane hakupiga simu redioni tena.

Miaka ilipita, na kaka aliacha muziki akafungua duka la vipuri. Siku moja tulikuwa tunakula samaki pale kwake, wimbo ukasikika kutoka kwa kinyozi wa jirani. Akasema, huku akichambua miiba, kwamba mama wa Kombewa alikuwa anasema kweli. Wakati mimi nimefuata chai, mzee wa gitaa alimwambia kipande kile ni cha rafiki yake aliyekufa, akaomba kitu kimoja tu: marehemu atajwe kwenye wimbo. Kaka alimjibu kwamba majina yameshajaa.